Orodha ya Connecticut na Usiku wa Kinondoni

Wanaoifahamu kazi yangu ya kufundisha sarufi huenda wakashangaa kuniona nikiandika habari za mpira wa kikapu. Sikuwahi kuucheza. Kimo changu hakikuniruhusu, na katika utoto wangu pale Temeke mpira tulioujua ni ule wa miguu, na dunia iligawanyika baina ya Simba na Yanga. Hata hivyo, kati ya Novemba 2008 na Aprili 2009 nilikuwa shabiki wa timu ya chuo ambacho sijapata kukitia machoni hadi leo, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Nakusudia kueleza namna timu hiyo ilivyoshindwa, na zaidi namna mimi nilivyoisoma vibaya orodha ya wachezaji wake. Kwani kosa hilo la usomaji sikulilipia peke yangu.

Chanzo cha ushabiki huo kilikuwa mtu mmoja. Hashim Thabit Manka alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza miaka kumi. Alisoma Makongo, upande wa Kinondoni, akapitia Kenya, kisha akavuka bahari, na baada ya kuhamahama akamalizia masomo ya sekondari Houston. Mwaka 2006 aliingia Connecticut. Orodha ya timu ilimtaja kwa namba 34, futi 7 na inchi 3, mwaka wa tatu wa masomo, na mbele ya hayo yote yaliandikwa maneno yaliyotusisimua kuliko pointi zake: Dar es Salaam, Tanzania.

Jina lenyewe, hata hivyo, liliandikwa Hasheem Thabeet. Msomaji ataniwia radhi nikiusimamisha mchezo kidogo, maana hapa mwalimu wa sarufi hawezi kupita kimya. Katika Kiarabu irabu ndefu ya neno hilo ni ile ya kwanza, nayo ya pili ni fupi. Tahajia ya Kiingereza ikairefusha ile fupi na kuhamisha mkazo. Sisi tukimwita mtu Thabit tunakaza mwanzoni. Watangazaji wa kule walikaza mwishoni, na kwa kufanya hivyo, pasipo kujua, walikaribia kulitamka neno letu thabiti, ambalo kwetu hukazwa katika silabi ya -bi-. Tena Thabit ni jina la marehemu baba yake. Sisi huandika jina la mtoto, likafuatiwa na la baba, kisha la babu. Wao hulichukua lililo mwisho wakalifanya la ukoo. Hivyo kila aliposhangiliwa katika viwanja vya Connecticut, aliyeitwa hasa ni baba mtu.

Mwenzangu katika ushabiki huu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 16 na akisoma kidato cha tatu. Alikuwa amerefuka ghafla hadi akalazimika kuinama kuingia jikoni kwa mama yake. Kila mwezi tulimpima kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango. Niliinakili orodha ile yote katika daftari la mazoezi: majina, namba, vimo, miji walikotoka. Siku moja nikakuta chini yake mstari wa nyongeza. Mpwa wangu alikuwa ameandika jina lake na la baba yake, na kila penye i ameweka ee mbili. Nilicheka, nikalirudisha daftari mahali pake. Laiti ningeketi naye siku ile tukazungumza.

Badala yake nilimwendea dada yangu. Mtoto alikuwa akihudhuria tuisheni ya hisabati na fizikia kila jioni. Nilimshawishi mama yake aisimamishe kwa mwaka mmoja ili kijana apate nafasi ya kwenda uwanjani, na fedha ya miezi mitatu tukaitumia kununua raba. Dada yangu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Kaka, wewe ndiye uliyesoma," akanyamaza. Nilidhani amekubali.

Msimu ule ulitupa kiburi. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, Thabeet alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Wazee wa barazani Tandika, ambao kwa kawaida hawakutaka kusikia mchezo usio wa Simba na Yanga, walitaka waelezwe kuzuia mtupo ni kitu gani. Walipoambiwa kwamba timu yenyewe imejipa jina la mbwa wanaokokota magari ya theluji, walicheka sana. Mmoja akauliza ikiwa huko Marekani hakukuwa na mnyama mwingine. Lakini walimtaja kama mtoto wa mtaani kwao. Tarehe 16 Februari, siku aliyotimiza miaka 22, Pittsburgh waliwafunga 76 kwa 68. DeJuan Blair, aliye mfupi kuliko yeye kwa karibu sentimita 20, alimbwaga sakafuni kwa kumpitisha begani, kisha akamaliza mchezo na pointi 22 na ribaundi 23. Wetu alipata pointi 5. Habari hiyo sikuipeleka barazani.

Mwezi Machi Syracuse wakawashinda 127 kwa 117 baada ya vipindi 6 vya nyongeza. Tulijifariji kwamba huko si kushindwa hasa, ni kuchoka. Kisha yakaja mashindano ya kitaifa ya vyuo, na Connecticut wakawaondoa Chattanooga, Texas A&M, Purdue na Missouri, hata wakafika nusu fainali mjini Detroit.

Mchezo huo ulichezwa Jumamosi tarehe 4 Aprili, ambayo kwetu ilikuwa saa 7 ya usiku wa kuamkia Jumapili. Nilikuwa na rafiki mwenye duka la intaneti Kinondoni, jirani na Biafra, naye alikubali kutufungulia. Tulipanda daladala ya mwisho kutoka Temeke, mpwa wangu amevaa raba zake. Ikumbukwe kwamba mkonga wa baharini ulikuwa haujafika. Ulizinduliwa Dar es Salaam Julai mwaka uleule. Mawasiliano yalipita kwenye setilaiti, na picha za mchezo hazikuwa jambo la kuwaza. Tulichokiona ni jedwali la namba. Ulibonyeza, ukurasa ukawa mweupe, ukangoja muda wa mtu kunywa nusu kikombe cha chai, namba zikarudi zikiwa zimebadilika. Feni ilizunguka, mbu wakafanya kazi yao, na sisi watatu tukaukodolea macho ukurasa mweupe.

Katika jedwali lile nilitazama mstari mmoja tu. Thabeet amefunga ngapi? Ameongeza? Alifanya vyema, na hadi mwisho alikuwa na pointi 17. Lakini kila ukurasa ulipofunguka, Michigan State walikuwa wametangulia kidogo, kisha zaidi kidogo, na sikuelewa pointi hizo zinatoka wapi. Mpwa wangu ndiye aliyeona. "Mjomba, tazama huku chini. Hawa wa akiba." Kweli, Korie Lucious na Durrell Summers, waliotokea benchi, kila mmoja alikuwa na pointi kumi au zaidi, ilhali benchi la Connecticut lilikuwa karibu tupu. Kalin Lucas peke yake alifunga 21. Michigan State, fauka ya hayo, walikuwa kwao: chuo chao hakiko mbali na Detroit, mji wa viwanda vya magari uliokuwa katika dhiki kubwa mwaka ule, na watu zaidi ya 72,000 walijaa uwanjani. Yalipotimu kama saa 9 na nusu ukurasa ulifunguka kwa mara ya mwisho: 82 kwa 73.

Rafiki yangu alizima mashine bila kusema neno. Tulikaa kizingitini kungoja usafiri, Barabara ya Kawawa ikiwa tupu isipokuwa malori ya mchanga. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwa nini hukuniambia kama Dyson ni mgonjwa?"

Sikujua anamzungumzia nani. Jerome Dyson, namba 11, alikuwa ameumia goti mwezi Februari na hakucheza tena msimu ule. Jina lake nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, lakini habari za kuumia kwake zilinipita pembeni, kwa kuwa hakutoka Dar es Salaam. Kijana alikuwa amezifuatilia. Pale kizingitini, mpaka adhana ya alfajiri iliposikika, alinisomea kwa kichwa orodha niliyodhani ni yangu. A. J. Price aliyepata kuvuja damu ubongoni mwaka 2004, akakaa nje misimu miwili, kisha mwaka 2008 akakatika mshipa wa goti katika mchezo waliofungwa na San Diego. Jeff Adrien, mwenye mabega ya kuli wa bandarini. Kemba Walker wa Bronx, mgeni wa mwaka wa kwanza, mfupi kuliko wengi. Na Stanley Robinson wa Birmingham, Alabama, ambaye miezi michache kabla ya hapo alikuwa nje ya timu akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma chakavu. Huyo alimpenda kuliko wote. Vyuma chakavu tunavijua Temeke. Vijana wa umri wake walivisukuma kwa mikokoteni mbele ya nyumba yetu kila siku. "Huyu alitoka kwenye vyuma akarudi kucheza," alisema. Thabeet hakumtaja hata mara moja.

Miezi iliyofuata naipita haraka. Thabeet hakurudi chuoni kwa mwaka wa nne. Tarehe 25 Juni 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile. Barazani palikuwa na sherehe. Mapema mwaka 2010 alishushwa kucheza Dakota katika ligi ya chini, na kabla ya miaka miwili kwisha alikuwa amehamishiwa Houston. Waandishi wa Marekani wakamweka katika mafungu ya walioshindwa, na nasikitika kusema kwamba barazani kwetu walifuata. Wale waliomwita mtoto wa mtaani wakaanza kumwita yule mrefu. Tarehe 4 Aprili 2011, miaka miwili kamili tangu Detroit, Connecticut walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Butler 53 kwa 41, wakiongozwa na yule mfupi, Kemba Walker. Fainali ilichezwa Houston, mji ule ule ambao Thabeet alikuwa mchezaji wa klabu yake. Sijui kama alikwenda kuwatazama.

Na mpwa wangu? Alikoma kurefuka katika mita 1 na sentimita 88, kimo kinachotosha kumfanya mtu agonge kichwa katika daladala, lakini kisichomfikisha popote kwenye orodha kwa kimo pekee. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2010 yalipotoka alikuwa na sifuri. Hisabati na fizikia zilikuwa miongoni mwa alizofeli. Dada yangu hakunilaumu kwa maneno. Aliniletea karatasi ya matokeo kazini, akaiweka juu ya meza yangu, juu ya insha za wanafunzi nilizokuwa nikisahihisha, akaniaga kwa heshima zote. Kijana alirudia mtihani mara mbili akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ada ya tuisheni nililipa mimi, jambo ambalo nalitaja bila fahari. Leo ni fundi majokofu Mbagala, ana mke na binti, na Jumamosi jioni huchezea timu ya mtaa, ambako kwa kauli yake mwenyewe yeye ni wa akiba.

Mwaka jana, katika kuhamisha vitabu, daftari lile lilijitokeza. Nililichukua hadi Mbagala. Mpwa wangu aliutazama mstari wake wa chini, ule wenye ee nyingi, akacheka hadi binti yake akaja kuuliza kuna nini. Kisha akaupandisha mkono wake, ambao ulikuwa na mafuta ya kompresa, hadi kwenye namba 21.

"Robinson yuko wapi siku hizi, mjomba?"

Safari hii nilikuwa nimesoma. Nilimwambia kwamba Stanley Robinson alifariki Julai 2020 huko kwao Birmingham, akiwa na umri wa miaka 32. Alilishika daftari kitambo, akamtuma binti yake ndani alete kalamu, na mbele ya jina lile akaandika mwaka. Halafu akarudi kwenye jokofu la mteja, kwa kuwa lilikuwa lichukuliwe kabla ya magharibi.