Jumamosi ya Paderborn



Sisi ni mafrateri watatu tunaosoma falsafa Münster, Ujerumani. Jumamosi ijayo tumepanga kwenda Paderborn na kurudi siku hiyohiyo, kwa treni ipitayo Hamm, na mikate yetu mfukoni.

Mpango huu ulianza kwa ubishi. Mwenzetu mmoja, aliyesomea kompyuta kabla ya kuingia seminari, alitaka siku nzima iwe ya Heinz Nixdorf MuseumsForum, makumbusho makubwa ya kompyuta yaliyofunguliwa mwaka 1996. Tuliobaki tulitaka kanisa kuu. Tukamtania: tumevuka bahari kuja kutazama mashine zilizostaafu?

Hakucheka. "Ndugu zangu, ninyi mnakwenda kutembea. Mimi nakwenda kuamua."

Hapo ndipo tulipojua kwamba kwa miezi mingi, huku tukisali naye kila asubuhi, amekuwa akijiuliza kama wito wake uko altareni au kwenye kompyuta. Tuliona aibu. Tulikuwa tunajua alama zake za Mantiki, lakini mzigo wake hatukuujua. Ameturuhusu kuandika haya.

Basi tumepanga upya. Asubuhi tutasali katika kanisa kuu, kwenye masalia ya Mtakatifu Liborius yaliyoletwa kutoka Le Mans mwaka 836. Tutatazama dirisha la sungura watatu: masikio yote ni matatu, lakini kila sungura ana mawili. Mwenye kubisha ajaribu kuchora! Katika mji huu Papa Leo III alikutana na Karolo Mkuu mwaka 799, alipokuwa akitafuta msaada baada ya kushambuliwa Roma. Kumbe hata Papa huomba msaada.

Karibu na kanisa kuu zinabubujika chemchemi zaidi ya 200 zinazozaa mto Pader, ambao baada ya kilometa 4 hivi unaingia mto Lippe. Tutaufuata kwa miguu kuelekea makumbusho.

Humo historia inaanzia kwenye maandishi ya Mesopotamia, miaka 5,000 iliyopita. Katika historia hiyo wamo wawili tunaowasoma darasani. Pascal, kabla hajatimiza miaka 20, alianza kuunda mashine ya kujumlisha ili kumpunguzia baba yake kazi ya hesabu za kodi. Leibniz naye alibuni ya kuzidisha na kugawanya. Wote wawili waliandika pia juu ya Mungu.

Tulimwambia mwenzetu hayo ili kumtia moyo. Akajibu, "Ndiyo, lakini wao hakuna askofu aliyekuwa akiwasubiri."

Hatukuwa na jibu. Tumekubaliana jambo moja tu: katika treni ya kurudi hatutamwuliza ameamua nini. Tutakaa naye, tutasali Masifu ya Jioni pamoja, na akitaka kusema, tutamsikiliza.

Nanyi mtuombee, hasa yeye.