Mpagazi Hayumo Kwenye Picha

Oktoba 1914, Peter Kollwitz, kijana wa Berlin mwenye miaka 18, aliuawa vitani Ubelgiji. Mama yake, Käthe, alikuwa msanii. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akachonga mbao, akazipaka wino, akachapa picha saba alizoziita Vita.

Nimeziangalia kwenye simu hapa Matema, mtandao ukija na kukatika. Sikuona adui wala mapigano. Niliona wazazi wamepiga magoti, wameegemeana mpaka wamekuwa rundo moja jeusi. Niliona mjane. Niliona akina mama wamekumbatiana, watoto wakichungulia katikati yao.

Mjerumani mwenzake, Otto Dix, alipigana kwenye mahandaki ya vita hiyohiyo. Mwaka 1924 akatoa picha 50, zilizochapwa kwa mabamba ya metali yaliyoliwa na asidi. Humo kuna maiti zinazooza na mafuvu yenye funza. Ukiziona, chakula hakishuki. Dix anakuonyesha handaki. Kollwitz anakuonyesha nyumbani.

Sasa, vita hiyo ilipita huku kwetu pia. Septemba 1914 walipigana Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likavuka kutoka Nyasaland, likaichukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Majeshi yote mawili yalitembea kwa migongo ya wapagazi. Upande wa Waingereza tu, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao, nasi tunakwenda pale kununua vitenge. Kwenye mnara wa Dar es Salaam wa mwaka 1927, maandishi yanawataja, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake.

Bibi yangu alikuwa akimtaja mzee mmoja wa ukoo aliyechukuliwa kubeba mizigo. Akifika hapo, ananyamaza. Kwetu Unyakyusa msiba ni jambo zito: watu wanakaa siku kadhaa, ng'ombe wanachinjwa. Je, msiba wa mtu ambaye hakurudi, na hakuna aliyeleta habari, unauanza siku gani?

Ukatili wa namna hiyo hauna handaki la kuchora. Hata Kollwitz alijua mwanawe amezikwa wapi. Mama wa mpagazi hakujua, basi akaendelea kuangalia njia.

Kwenye chapa ya mbao, unachokitoa kwa patasi ndicho kinachobaki cheupe. Usichokigusa ndicho kinachonywa wino. Laiti ningekuwa fundi, ningewaacha mama, migomba na Milima ya Livingstone katika weusi wao. Kisha njiani ningemtoa mtu mmoja na mzigo wake, abaki karatasi tupu. Mama yake angekuwa anamtazama.