Albamu ya Wabrazili Iliyonifanya Niiwaze Ngarambe

Leo za nani kaachana na nani tunaziweka pembeni, tuongee muziki. Tena muziki wenyewe metali, yale magitaa ya kelele. Najua wapo walioanza kununa. Subirini kwanza.

Kuna bendi ya Brazil inaitwa Angra, ilianzia São Paulo. Mwaka 1996 walitoa albamu inaitwa Holy Land, na albamu nzima ni stori moja: Wareno wanavuka bahari, wanaifikia Brazil ya miaka ya 1500. Inafunguliwa na kwaya ya Palestrina, mtunzi wa Italia wa karne ya 16. Halafu kuna Carolina IV, wimbo wa zaidi ya dakika kumi. Unaanza na ngoma na watu wanamsalimia Iemanjá, mzimu wa maji wa Wayoruba, ambao waliopelekwa utumwani walifika naye Brazil. Yaani kwaya ya Ulaya, ngoma ya Afrika na gitaa la umeme, vyote humo humo, na wala havigombani. Zile ngoma hazijawekwa kama pambo. Ukizitoa, stori inakufa.

Sasa sikia hii. Nahodha wa Wareno waliofika Brazil Aprili 1500 ni Pedro Álvares Cabral. Jamaa alikuwa anaelekea India, akaendelea na safari, na Julai mwaka ule ule akatia nanga wapi? Kilwa! Hapo hapo kusini yetu. Mwaka 1505 Wareno wengine wakaja wakaipora. Kwa hiyo ile stori ya Wabrazili na sisi tuna kipande chetu.

Na kwetu Ngarambe tuna kubwa zaidi. Kinjeketile alikuwa wa hapa. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye maji, watu wakajua kafa, kesho yake akatoka mkavu. Watu walikuja toka mbali kufuata dawa yake ya maji, na mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vikawaka. Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti mwaka huo. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia yake mwaka 1969, na wengi wetu tunaijua kwa ajili ya mtihani tu. Mzimu wa maji, vita, kamba ya Mjerumani. Hiyo si albamu ni nini?

Nina mshkaji wangu Kibiti, jina kapuni, anatengeneza biti. Alirekodi kwa simu wazee wakipiga ngoma harusini, akaziingiza kwenye wimbo wake, akaenda nao studio moja Dar. Prodyuza akamwambia, "Toa hivyo vitu vya kishamba, weka amapiano." Akatoa. Wimbo ukasikika wiki mbili, ukapotea. Mzee aliyekuwa anaongoza zile ngoma naye ameshafariki, Mungu amrehemu. Kilichobaki ni klipu ya dakika nne kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kiukweli inaniuma. Siwachukii wa amapiano, hata mimi nacheza. Ila nani aliamua kwamba cha kwetu ni cha kishamba, na cha jirani ni cha mjini?

Na msiniambie metali si ya watu weusi. Kuna Wakenya wawili walijiita Duma, mwaka 2020 wakatoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kelele kama zote, na ikasikilizwa mpaka Ulaya. Hawakuomba ruhusa kwa mtu.

Mshkaji wangu nimemwambia aihamishe ile klipu leo leo, kabla simu haijazima kabisa. Na wewe kama una babu au bibi anayejua ngoma za kwenu, mrekodi wikiendi hii, usisubiri msiba.

Haya, tiririkeni hapo chini: stori gani ya kwenu inastahili albamu nzima, na nani wa Bongo aifanye?