Niliulizwa kama nina mtoto, nikasema sina

Jamani, hili nimekaa nalo wiki nzima, leo acha nilitoe.

Jumanne iliyopita nilikuwa na usaili, nafasi ya mhasibu msaidizi. Kampuni siitaji. Tangu nimalize chuo huu mwaka wa tatu natembeza bahasha ya kaki, kwa hiyo waliponiita sikulala. Saa 11 alfajiri niko Kimara kwenye foleni ya mwendokasi, blauzi ya mtumba wa Karume nimeipiga pasi mara mbili, viatu nimeazima kwa dada wa jirani na vinabana hatari. Usaili saa 3. Wakaniita ndani saa 7 kasoro, njaa inauma.

Watu wanne, kiyoyozi kinapuliza utadhani tuko Makambako. "Shikamooni." Akaitikia mmoja tu, mama mtu mzima aliyekaa pembeni. Swali la kwanza: eleza tofauti ya mapato na faida. Swali ambalo mama yangu anayeuza vitumbua anakujibu huku anageuza! Mie mdomo ukakauka. Nikaanza kwa maneno ya darasani, nikapotelea katikati. Kaka mmoja akachukua simu yake akaanza kuperuzi. Nikajua nauli imeenda bure.

Kidogo kidogo nikajikusanya, maswali ya vitabu vya hesabu nikayajibu mpaka mwenyewe nikajishangaa. Ndio mwenyekiti akaegemea kiti: "Umeolewa?" Hapana. "Una mtoto? Maana hapa mwisho wa mwezi tunafunga hesabu mpaka usiku, hatutaki habari za mtoto anaumwa."

Nikasema sina.

Mwanangu ana miaka 3.

Wala sikufikiria, lilitoka tu. Sasa simu nilikuwa nimeiweka juu ya bahasha, sauti nimezima. Meseji ya mama ikaingia, kioo kikawaka, na picha ya pale ni mwanangu, uji umempaka mpaka kwenye nyusi. Yule mama wa pembeni akaiona. Akaniangalia, halafu akafunua karatasi yake nyingine. Hakusema kitu.

Jioni nafika nyumbani, mtoto ananirukia, "Mama umeniletea nini?" Nilienda kujifanya naoga.

Rafiki yangu aliyesoma sheria kaniambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ndoa, ujauzito au majukumu ya familia, na inamlinda hata anayeomba kazi. Sawa. Nenda basi kawasomee wale wanne, una njaa na viatu si vyako.

Jana wamenipigia. Nimepata! Naripoti Jumatatu. Fomu wametuma kwa imeili, na ile ya bima ya afya ina sehemu ya majina ya watoto. Mwanangu ana pumu, dawa zake mpaka sasa zinalipwa na vitumbua vya bibi yake. Nimejaza fomu yote, pale tu ndio nimeacha wazi.

Nyie mngeandika?