Hisa, Karafuu na Minazi ya Utende

Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam hupenda kutuma ujumbe usiku wa manane. Wa juzi ulikuwa mfupi: "Shikamoo mjomba. Nataka kununua hisa za Nvidia, unaonaje?" Aliambatanisha mchoro wa bei, mstari umeelekea juu moja kwa moja. Niliusoma asubuhi hapa kijijini Utende, uani, mzee mmoja mkwezi akifua nazi kwenye kifuo. Kukwea ameacha. Minazi imemzidi urefu, na vijana wanaona afadhali kubeba mitungi ya hewa ya wapiga mbizi wa Ghuba ya Chole.

Watu wengi huamini hisa za watengeneza chipu kama Nvidia hupanda kwa sababu chipu zinahitajika. Hiyo ni nusu ya habari. Anayenunua hisa hununua matarajio ya kesho, na matarajio yakishatangulia mno, habari moja tu huyarudisha chini. Tarehe 27 Januari 2025 Nvidia ilipoteza karibu dola bilioni 600 za thamani yake kwa siku moja. Hakuna kiwanda kilichoungua. DeepSeek, kampuni ya China, ilikuwa imeonyesha programu ya akili mnemba ambayo kampuni hiyo ilisema imeitengeneza kwa gharama ndogo, na wawekezaji wakaanza kujiuliza kama chipu zote zile za bei mbaya zitahitajika kweli. Baadaye hisa zilipanda tena, hata kupita zilipokuwa.

Kinachonishughulisha zaidi ni chipu za kumbukumbu. Wakati wa korona watu walijifungia majumbani, wakanunua kompyuta, chipu za aina nyingi zikaadimika hadi viwanda vya magari vikasimama. Oda zikafurika, wengine waliagiza kupita haja yao wakiogopa kukosa. Kisha wanunuzi wakatosheka huku maghala yamejaa. Micron ya Marekani, inayotengeneza chipu za kumbukumbu na iliyopata faida ya takriban dola bilioni 8.7 mwaka wa fedha 2022, mwaka uliofuata ilipata hasara ya dola bilioni 5.8. Kiwanda cha chipu hakijengwi kwa msimu mmoja. Kinaanzishwa bei ikiwa juu, kinaanza kuzalisha miaka kadhaa baadaye, na washindani wote nao huwa wamejenga wakati ule ule.

Pwani yetu ilishapitia haya. Enzi za Sultani Sayyid Said, karafuu ilipokuwa na bei ya kutia wazimu, wenye mashamba Unguja na Pemba waliipanda kwa pupa. Mkarafuu huchukua kama miaka sita au saba kuanza kuzaa, kwa hiyo kwa miaka hiyo yote bei iliendelea kuwadanganya kwamba nafasi bado ipo. Miaka ya 1840 mavuno yalipokuja kwa pamoja, bei ikaporomoka. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ikashika usukani wa zao hilo. Wazungu na Wahindi walikuwa wakiitaka karafuu siku zote hizo. Kilichobadilika ni nani alikuwa na miti shambani, na mingapi.

Nilimuuliza mkwezi kama bado anapanda minazi. Akaonyesha kwa panga miche mitatu kando ya ua. "Hiyo ya wajukuu. Bei wataikuta wenyewe." Akachomeka nazi nyingine kwenye kifuo.

Nilimjibu mpwa wangu kwa maswali. Viwanda gani vya chipu vinajengwa sasa, Arizona, Korea na kwingineko, na vitaanza kuzalisha mwaka gani? Na hao wanaonunua chipu za Nvidia kwa wingi, wao wenyewe wanamuuzia nani? La mwisho nililiandika peke yake: hizo pesa ni za nini?

Jibu lilikuja adhuhuri. Ni za ada ya watoto ya Januari. Habari za viwanda nikaziweka kando, nikampigia simu.