Kibanda Chetu cha Magurudumu

Picha ya kwanza ya karavani yetu tuliyotuma nyumbani ilileta swali moja tu. Dada yetu aliyeko Same aliitazama, kisha akapiga simu: "Hicho kibanda mnauza chipsi au mnatoa pesa za simu?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, lakini hakukosea sana. Ni kisanduku cheupe chenye magurudumu mawili, kinavutwa na gari, kina dirisha kubwa mbele na mlango mmoja ubavuni. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, unakaribia kugusa kuta zote mbili. Tulikinunua mwaka 2018, kikiwa kimeshatumiwa miaka 14 na wenyewe, kwa fedha ambazo baadhi yenu mlijua tumeziweka kwa ajili ya kupaua nyumba yetu ya Muheza.

Tumeanza na fedha kwa sababu ndizo zilizosemwa. Ushirika wetu wa Kiswahili hapa Uingereza hukutana Jumapili mchana katika ukumbi wa kuazima, nasi ni wachache, hivyo mtu akikosekana Jumapili mbili huulizwa. Sisi tulianza kukosekana Jumapili tatu, nne, karibu majira yote ya joto. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye tunampenda naye anatupenda, alitusimamisha mlangoni. "Wapendwa," alisema, "Mungu amewavusha bahari, amewapa kazi miaka yote hii, na sasa mnazunguka na kibanda kama watu wasio na kwao. Huo ni ushuhuda gani?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulisema tu kwamba kila tunapokwenda huwa tunatafuta kanisa, jambo ambalo ni kweli mara nyingi, si mara zote.

Wengi mnatujua kama watu wawili wanaokaa benchi moja, lakini kwa miaka 27 hatukuwa hivyo. Mmoja wetu aliendesha basi la mjini hapa Reading, akitoka nyumbani alfajiri. Mwingine alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, akirudi alfajiri hiyohiyo. Tulipanga hivyo ili watoto wasikose mtu wa kuwapeleka shule, maana hatukuwa na bibi wala shangazi karibu. Tulikutana mlangoni. Mmoja anavua koti, mwingine anavaa. "Chakula kipo kwenye jiko, mtoto ana kikohozi, barua ya kodi iko juu ya meza." Kila mmoja alisali peke yake, mmoja ndani ya basi tupu kabla ya abiria, mwingine katika korido ya wodi saa tisa usiku. Tunamshukuru Mungu kwa watoto tuliowalea namna hiyo. Lakini tulipostaafu na kuketi mezani pamoja asubuhi ya kwanza, tuligundua kwamba tunaijua ratiba ya mwenzetu kuliko tunavyomjua yeye. Hata kusali pamoja kulitupa haya. Nani aanze? Aombe kwa sauti gani?

Karavani ilikuja kwa dereva mwenzetu wa zamani, Mwingereza, aliyekuwa anaiuza. Alitupa tuijaribu wikiendi moja. Sasa hapa tukiri. Dereva wa basi wa miaka 27 alishindwa kurudisha nyuma kile kibanda. Ukikata usukani kushoto, chenyewe kinakwenda kulia. Muuguzi alisimama nyuma akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" na jibu likatoka kwenye gari, "Kushoto kwangu au kwako?" Wenyeji wa kambi walikuwa wameketi kwenye viti vyao vya kukunja, vikombe mkononi, wakitutazama. Baadaye tulikuja kujua kwamba kumtazama mgeni akirudi rivasi ni moja ya burudani kubwa za watu wa karavani, na leo hata sisi tunaifurahia, Mungu atusamehe. Usiku ule tulilala bila kusemezana. Ugomvi ndani ya nyumba ya vyumba vitatu unapata pa kwenda kujilaza. Ndani ya karavani hauna pa kwenda. Unaamka nao, na birika liko moja. Asubuhi mmoja alimpa mwenzake chai bila neno, mwingine akasema "asante" kwa sauti ndogo, na kutokana na hiyo asante tukainamisha vichwa na kuomba. Hatukumbuki tuliomba nini.

Tukainunua.

Maisha yake ni ya kazi ndogondogo. Ukifika unaweka pimamaji sakafuni, unainua upande mmoja kwa kipande cha mbao, unateremsha miguu minne ya pembeni, unachomeka umeme, unafungua mtungi wa gesi. Kisha maji. Pipa letu ni la lita 40, yaani madebe mawili, nalo huviringishwa chini mpaka bombani kwa mpini. Mmoja wetu alikua Usangi, milimani Upare, akiteka maji na kuyabeba kichwani, akaapa utotoni kwamba akiwa mkubwa hatateka maji tena. Sasa ana miaka sitini na kitu, ana bomba jikoni kwake, na anaviringisha pipa kwenye majani yenye umande huku akiimba. Maji unayoyabeba mwenyewe huyamwagi ovyo. Mwenye zamu ya kumwaga sanduku la choo ni dereva, na hilo tuliliamua mara moja tu, bila kupiga kura.

Na mvua. Nyumba za hapa ni za matofali na vigae, mvua inanyesha usiku kucha nawe hujui mpaka ufungue pazia. Paa la karavani ni jembamba. Mara ya kwanza iliponyesha tukiwa ndani, saa saba usiku, tulishtuka wote wawili kwa pamoja, tukalala macho wazi gizani. Ilikuwa ni sauti ya mabati. Tulikuwa hatujaisikia kwa muda mrefu kiasi kwamba mmoja wetu alilia.

Tunapika nje, hasa dagaa, kwa sababu ukiwakaanga ndani shuka zitakumbuka kwa wiki mbili. Wapo majirani waliosogeza viti vyao mbali, na yupo mmoja aliyekuja kuuliza ni nini hicho, akaondoka na sahani. Kesho yake alituletea nyanya za bustani yake. Kwenye mtaa wetu tumeishi miaka mingi bila kujua jina la mtu wa nyumba ya tatu. Kambini, kabla birika halijachemka, mtu ameshakuja kuuliza kama unahitaji msaada.

Sheria ya hapa inasema gari linalovuta karavani lisizidi maili 60 kwa saa, hata kwenye barabara kuu, na pale penye njia tatu usiingie ile ya kulia kabisa. Kwa hiyo serikali yenyewe imetuweka upande wa wasio na haraka. Na tukiwa barabarani tunapenda kukumbushana kwamba desturi hii ilianza jirani na kwetu. Mwaka 1885 Gordon Stables, daktari wa jeshi la maji aliyekuwa ameacha utumishi kwa sababu ya afya, aliondoka Twyford, kijiji kilicho maili chache kutoka Reading, akiwa na karavani iliyotengenezewa Bristol kwa ajili ya matembezi tu. Farasi wawili waliivuta mpaka Inverness, Scotland. Daktari mstaafu aliyechoka, mwenye nyumba ya magurudumu! Tulipolisoma hilo tulijiona tuna ukoo.

Lakini jibu letu kwa mzee wa kanisa halikupatikana barabarani. Lilipatikana karavani ikiwa imesimama mbele ya nyumba yetu, haiendi popote.

Machi 2020 kila kitu kilifungwa. Wauguzi waliostaafu karibuni waliombwa warudi, na wa kwetu akarudi. Tulibishana usiku mmoja, tukaacha kubishana. Katikati ya Aprili alirudi kutoka zamu na kikohozi na homa. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akanyoosha mkono, akasema, "Nipe funguo za kibanda."

Agizo la wakati ule lilikuwa kujitenga siku saba. Tulivuta waya wa umeme kutoka dirisha la sebuleni. Asubuhi uji wa ulezi uliwekwa kwenye ngazi ya karavani, mwenye kuuweka akarudi nyuma hatua kadhaa, mlango ukafunguka, bakuli likaingia. Jioni mmoja aliketi nje kwenye kiti cha kukunja, amevaa koti, Biblia na Tenzi magotini. Mwingine alifungua dirisha kidogo kutoka ndani. Tulisoma zaburi moja kila jioni. Siku ya tatu jirani wa upande wa pili alitokeza mlangoni kwake. Tulidhani anakuja kulalamika. Alituomba tusome kwa sauti zaidi, na kama tunaweza, kwa Kiingereza. Basi ikawa Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza.

Usiku wa tano pumzi ilianza kuwa fupi. Aliye ndani, kwa kuwa ni muuguzi, alimfundisha aliye nje namna ya kuhesabu: tazama kifua kikipanda, tazama saa, dakika nzima, usidanganye. Tochi ilimulika kupitia kioo. Ikawa 26. Tuliita msaada. Waliokuja walimpima, wakaamua abaki, wakatuagiza tuendelee kuhesabu na tuwaite tena ikizidi. Basi kiti kikahamia karibu zaidi na dirisha, blanketi juu ya koti. Tulihesabu saa sita usiku, saa saba, saa nane. Wapendwa, usiku ule hatukuwa na maneno ya maombi. Yote tuliyojifunza tangu Shule ya Jumapili yalikimbia. Tulikuwa na namba tu. 26. 25. 26. 24. Mmoja akizisema, mwingine akiitikia kwa kupiga kioo kwa kidole kuonyesha kwamba yuko macho. Tunaamini kwamba zilisikiwa kama sala nyingine yoyote. Alfajiri ilikuwa 20, na mhesabuji akasinzia kwenye kiti akaanguka, na sauti ya kwanza kutoka ndani ilikuwa kicheko kilichokatizwa na kukohoa.

Mzee wetu wa kanisa alikuwa akipiga simu kila asubuhi. Hakukosa hata siku moja. "Bado yuko kwenye kibanda?" aliuliza. Siku ya saba alisema, kama mtu anayewaza kwa sauti, kwamba Walawi 23 inawaagiza wana wa Israeli wakae vibandani siku saba, ili vizazi vijue walikotolewa. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Wala hakusema tena habari ya ushuhuda.

Hata hivyo hatutaki kumfanya mtu mkosaji. Kuna ada ya shule ya mtoto wa ndugu tuliyoichelewesha mwaka ule wa 2018, na hatujivunii. Nyumba ya Muheza bado haina paa. Swali lake lilikuwa halali, na bado linatuuma kidogo tukilipia kambi.

Septemba 2021 tulikwenda kutoa shukrani Lindisfarne, kisiwa kidogo pwani ya kaskazini mashariki ambacho wenyewe hukiita Kisiwa Kitakatifu. Ni zaidi ya maili 300 kutoka kwetu, nasi kwa mwendo wetu tulitumia siku mbili. Huko ndiko Aidan alikoanzisha monasteri mwaka 635, akitokea Iona. Yasemekana mfalme alimpa farasi mzuri, naye akampa maskini wa kwanza aliyemwomba, akaendelea kwenda kwa miguu. Barabara ya kisiwani hufunikwa na bahari mara mbili kila siku. Karavani tuliiacha bara, tukafika ukingoni na gari, na maji yalikuwa bado yamejaa. Mmoja wetu ni mtoto wa Tanga. Aliyatazama, akazima injini, akasema, "Haya hayaharakishwi," akatoa chupa ya chai. Tulikaa saa mbili na nusu. Taratibu mchanga ukaanza kuonekana, kisha nguzo za njia ya mahujaji, kisha katikati ya maji kibanda kidogo cha mbao juu ya miguu mirefu, na ngazi yake. Kimewekwa kwa ajili ya watu wanaokutwa na maji njiani, wapande wakae humo mpaka bahari irudi.

Tulikitazama muda mrefu. Tulikuwa tumebeba maandazi, yakaisha hapohapo.

Mei ijayo tumepata nafasi kwenye shamba moja lisilopokea karavani zaidi ya tano. Mzee wetu na mkewe watakuja nasi. Wao watalala kitandani, sisi nje chini ya turubai, na Jumapili tutakuwa na ibada ya watu wanne kwenye majani, mvua ikiruhusu. Wiki iliyopita alipiga simu kuuliza alete nini, na kama kuna uwezekano wowote wa yeye kupangiwa lile sanduku la choo. Tumemjibu kwamba mgeni ni siku mbili.