Daftari la mheshimiwa

Wadau wangu, leo mastaa wa Dar tuwaache wapumzike kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nikiendelea kunyamaza litanipasua. Jina la mhusika sitaji, kata sitaji, chama ndo kabisa msiniulize. Watu wa Tabora mtajaza wenyewe.

Mwaka 2020 nilikuwa na miaka 20. Fomu foo nimeshamaliza, matokeo tusiyazungumze, niko nyumbani namsaidia mama maandazi. Jirani yetu, rafiki wa marehemu baba, akaamua kugombea udiwani. Tangu napata akili namwita baba mdogo. Jioni moja akaja, akamwambia mama, "Shemeji, huyu binti ana mwandiko mzuri, niazime." Kazi ikawa kupita naye nyumba kwa nyumba. Yeye anaongea, mimi naandika kero za watu kwenye kaunta buku lenye kava jekundu. Malipo elfu tano kwa siku na soda. Kwangu mimi wakati huo hiyo ilikuwa ajira kabisa.

Mnaoijua Tabora mnajua jua la Septemba na Oktoba lilivyo. Vumbi hadi kwenye meno. Tulikuwa tunapumzika chini ya ile miembe mikubwa ya zamani, ambayo wazee husema imetokana na kokwa za watu wa misafara, enzi wapagazi wanapita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Baba mdogo anapenda sana historia. Siku moja tumekaa pale akaniambia, "Unajua neno hongo? Msafara ulikuwa haupiti kwa mtemi bila kulipa. Nguo, shanga, waya. Hiyo ndo ilikuwa hongo, na ilikuwa halali." Akacheka peke yake. Nilimwelewa, maana tulikuwa tumetoka nyumba ambayo mzee mmoja alimsikiliza vizuri sana, alipomaliza mzee akasema, "Sasa mheshimiwa mtarajiwa, unatuacha hivihivi? Hata ya sabuni?"

Hiyo "ya sabuni" ndo wimbo wa kampeni zote. Ya sabuni, ya chumvi, ya kulainisha koo, vijana wa bodaboda wao wanataka ya mafuta. Sheria ya gharama za uchaguzi ipo tangu 2010, TAKUKURU wanatangaza, lakini ukifika mlangoni kwa mtu unakutana na macho yake, sio sheria. Sitasema baba mdogo alikuwa anatoa au hatoi. Ninachojua aliuza kiwanja chake mwaka ule, na mke wake alinuna mpaka Krismasi.

Lakini mimi kilichonishangaza ni zile kero zenyewe. Ukilifungua lile daftari, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ni maji, barabara, taa, dawa. Mtu anaongea kwa uchungu, baba mdogo anatikisa kichwa, anasema "hilo nimelibeba", mimi naandika. Baadaye sana ndo nikaja kuelewa kuwa nusu ya tulivyoandika diwani hana rungu navyo. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji yana mamlaka yake. Umeme ni TANESCO. Diwani anachoweza ni kuongoza kamati ya maendeleo ya kata, kwenda kwenye baraza la madiwani, kusimama na kuuliza. Yaani kazi yake kubwa ni kusumbua wenzake mpaka wamsikie. Sasa nani atapita mlangoni kwako aseme "mama, nichague nikakusumbulie watu"? Hatapata kura hata ya mkewe.

Kitu kimoja kilikuwa cha halmashauri kweli. Ile mikopo ya asilimia 10. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Tukafika kwa mama mmoja anauza karanga, nitamwita Mama Karanga. Alikuwa na wenzake wanataka kuanzisha kikundi. "Mwangaluka mayo," baba mdogo akamsalimia kwa heshima zote, akakaa kwenye kigoda, akamweleza ule mkopo vizuri, kwa kweli alieleza vizuri. Akamwambia andikeni katiba, mjisajili, fungueni akaunti, mengine niachieni mimi. Mama akawa anamwangalia tu. Kisha akageuka kwangu. "Umeandika, mwanangu?" Nikamwambia, "Nimeandika mama, usiwe na wasiwasi."

Kumbukeni hiyo sentensi yangu.

Akashinda. Siku ya kuapishwa nilikuwepo, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Toka siku hiyo nikaanza kumwita mheshimiwa na yeye mwenyewe hakunikataza. Daftari nilimpelekea nyumbani kwake wiki hiyohiyo, akasema, "Kaa nalo kwanza binti yangu, nitalihitaji." Nikaliweka chini ya godoro. Hajawahi kuliulizia.

Nisimwonee lakini. Nimeishi nyumba ya tatu kutoka kwake, nimeona. Saa kumi na moja alfajiri watu washafika mlangoni. Huyu ana mgonjwa, huyu ana msiba, yule mtoto karudishwa shule. Mtu anamaliza posho yote kwenye sanda na nauli za watu. Kuna mara alimkopa mama yangu elfu ishirini, mama muuza maandazi! Zile kero za kwenye daftari haziji mlangoni alfajiri, zinazokuja ni hizi za leo leo, na ndizo zinazomla. Darasa moja lilijengwa kipindi chake na alilihangaikia kweli. Ila simu zikawa hazipokelewi, na mitaa ya mbali akawa hafiki.

Sasa mwaka huu wa 2025 kampeni zimeanza tarehe 28 Agosti, na wiki iliyopita akaja tena kwa mama. "Shemeji, niazime yule mwandishi wangu." Safari hii elfu kumi. Nikaenda. Hela naihitaji, sitawadanganya.

Siku ya pili tukafika kwa Mama Karanga. Amezeeka ghafla, jicho moja lina mtoto wa jicho. Mheshimiwa akaanza, "Mwangaluka mayo..." Mama akaitikia, akamwachia aongee mpaka akamaliza. Hakumjibu. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Humo kuna katiba ya kikundi, imepigwa chapa, na cheti cha usajili. Akaniambia mimi, sio yeye, kwamba kila mwanakikundi alichangia, yeye aliuza mbuzi. Waliomba mara ya kwanza wakaambiwa wasubiri. Aprili 2023 serikali ikasimamisha hiyo mikopo nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Ikarudi 2024, ila wao hakuna aliyewaambia kama imerudi. Wenzake wawili wameshahama, mmoja amefariki.

Mheshimiwa akasema pole, kwamba lile lilikuwa jambo la kitaifa. Na ni kweli lilikuwa la kitaifa.

Mama akasema taratibu, "Huyu baba mimi sikumwamini hata ile siku. Wanasiasa nimewaona wengi. Nilikuamini wewe, mtoto wa mama maandazi. Ulisema umeandika."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Miaka mitano nzima daftari liko chini ya godoro langu. Ofisi ya afisa maendeleo ya jamii wa kata iko dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Mikopo iliporudi mimi nilisikia redioni, nikaendelea kukaanga maandazi. Na nilikuwa namsema mheshimiwa kila siku, kijiweni, nyumbani, mpaka huku kwenu nimewahi kumsema bila jina.

Mheshimiwa akanigusa bega. "Andika hilo, binti yangu, tulibebe."

Nilikuwa na kalamu mkononi na daftari jipya alilonunua, la bluu safari hii. Sikuandika. Nikamuomba mama ule mfuko, nikapiga picha katiba na cheti, nikachukua namba yake ya simu. Mheshimiwa alishaanza kutoka nje, anaangalia saa, nyumba zilikuwa bado nyingi.

Jumatatu saa mbili asubuhi nakutana na Mama Karanga na wenzake waliobaki pale ofisini kwa afisa maendeleo. Sijui tutaambiwa nini, inawezekana tukaambiwa tuanze upya na katiba. Mheshimiwa amenipigia mara tatu leo kuhusu ratiba ya Jumatatu hiyohiyo. Bado sijapokea.